Shahidi Hafai

Katika daftari la uraia la mahakama ya wilaya, kitabu cha nne, mbele ya jina la Nestori Kallunki, kuna mstari wa wino mweusi: Ombi limetupwa. Shahidi hafai. Maneno manne. Karani aliyeyaandika alikuwa na mwandiko mzuri, hilo tusimnyime. Daftari limejaladiwa kwa ngozi na litakaa kabatini miaka mia, na atakayelifungua atajua kwamba mwezi Juni mwaka 1914 alikuwepo shahidi asiyefaa. Mengine hatayajua, kwa sababu aliyeshika kalamu hakuyaona kuwa na maana. Basi mengine ni haya.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla umande haujakauka, gari la farasi la akina Kallunki lilisimama uani kwa mzee Taavetti Ylitalo, katika kijiji cha Wafini kinachoitwa Korpi, kaskazini mwa Minesota. Nestori alivaa suti yake ya harusi. Ilimbana mabegani, maana alipooa alikuwa bado hajang'oa visiki miaka saba mfululizo. Mkewe Saimi alikaa kando yake na kikapu cha mkate mweusi, na kahawa ndani ya chupa iliyovishwa soksi ya sufu isipoe.

Mzee Taavetti alitoka amevaa koti lake la kanisani. Kwapani alibana kitu bapa kilichofungwa kwa kitambaa cha meza.

"Hicho nini tena, mzee?" Nestori aliuliza. "Umemletea jaji picha yako?"

"Karatasi yangu," Taavetti alisema, akipanda kwa shida. "Nimeitungua ukutani na fremu yake. Mkaguzi wa serikali anatoka mbali. Asije akadhani Korpi tunaishi kama mbweha."

"Na wewe, Nestori, tai yako iko upande," Saimi alisema. "Nani hutunga sheria?"

"Bunge."

"Lenye nini?"

"Lenye Mabaraza mawili, na wewe ukiwa la tatu."

Saimi hakucheka. Miezi mitatu alikuwa akimfundisha majibu hayo wakati wa kukamua, yeye upande huu wa ng'ombe na mume upande ule. Yeye ndiye aliyekuwa na Kiingereza, baada ya miaka minane ya kufagia nyumba ya daktari mjini Duluth. Lakini mke haombi uraia. Mume akipewa, mke anaupata; mume akinyimwa, mke anabaki naye nje.

Na uraia wenyewe hawakuutaka ili wapeperushe bendera. Walitaka ekari mia na sitini za mawe na visiki. Nestori alifukuzwa machimbo ya chuma baada ya mgomo wa mwaka 1907, jina lake likaandikwa kwenye ile orodha inayopita mgodi hadi mgodi, na mwaka huohuo akachukua shamba la serikali. Sheria ilimpa miaka saba alime, ajenge, kisha aende ofisi ya ardhi kuthibitisha. Miaka saba ilikuwa inaisha tarehe tatu Septemba. Na anayethibitisha lazima awe raia kamili. Nyumba ya magogo, sauna waliyoijenga kabla hata ya nyumba ili wapate pa kuoga na pa kuzalia, ghala la nyasi, ekari kumi na moja zilizosafishwa kwa mikono: vyote vilining'inia kwenye siku ile moja ya Juni.

Kwa ombi la uraia walitakiwa mashahidi wawili, raia, wanaomjua mwombaji miaka mitano. Wa kwanza alikuwa Viljami Hietala, muuzaji wa duka la ushirika, raia halali lakini anajulikana kwa hotuba zake kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Mtu mmoja wa namna hiyo alitosha kumtia mkaguzi wasiwasi. Kwa hiyo wa pili alitafutwa mtu wa kanisa, mtu mzito, na Korpi nzima hakuna aliyekuwa mzito kuliko Taavetti. Alikuwa na miaka sitini na miwili, ishirini na saba katika nchi hii. Ndiye aliyesoma mahubiri mchungaji asipofika, ndiye aliyetunza hazina ya kijiji, ndiye aliyeamua mipaka ya mashamba watu walipogombana.

Hakuna aliyemwomba aonyeshe karatasi yake. Korpi mtu akikwambia jambo, limekwisha. Kumtaka mzee Taavetti athibitishe kwamba ni raia kungekuwa sawa na kumpekua mifuko akitoka kanisani. Mwezi Machi, walipokwenda kuandikisha ombi, karani aliuliza, "Wewe ni raia?" Taavetti akajibu ndiyo, akaapa. Karani naye hakuitaka karatasi, maana ilikuwa saa ya chakula.

* * *

Viljami aliwapokea stesheni akiwa na sigara sikioni. Treni ilipoanza kwenda aliegemea mbele, akaiga sauti ya mkaguzi.

"Bwana Kallunki. Je, unaamini katika ndoa ya wake wengi?"

"Hapana."

"Toa sababu."

"Haitaki sababu," Nestori alisema. "Wanataka hapana tu."

"Mwambie mkeo anakubana kwenye pembe za ng'ombe ujibu maswali alfajiri, na huyo ni mke mmoja. Wawili si wangekumaliza."

Hapo Saimi alicheka kidogo. Mzee Taavetti hakupenda mizaha ya ukumbini. Alikifungua kitambaa chake ili aifute fremu vumbi la moshi. Akapumulia kioo, akakisugua kwa mkono wa koti, kisha akamgeuzia Saimi, kama mtu anavyomwonyesha mgeni mjukuu.

Saimi alikuwa ameiona karatasi ile mara mia. Ilikuwa na picha ya tai, yule ndege wa serikali, na lakiri nyekundu, ikining'inia juu ya saa ya ukutani nyumbani kwa mzee. Watu waliangalia saa. Sasa ilikuwa magotini mwake, na mwanga wa dirisha ukiipiga, naye akaisoma kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Mimi Taavetti Ylitalo natamka kwa kiapo kwamba ni nia yangu ya dhati kuwa raia. Mwaka 1888.

Aliyajua maneno hayo. Nestori alikuwa nayo vilevile, yamekunjwa ndani ya Biblia. Ilikuwa karatasi ya kwanza, ile wanayopewa wote wanaoomba, hata aliyeshuka melini juzi.

"Mzee," alisema taratibu, "ile ya pili umeiacha nyumbani?"

"Ya pili ipi, mwanangu?"

"Uliyopewa baadaye. Ulipoapa mbele ya jaji."

"Niliapa mara moja. Mtu mzima haapi mara mbili kwa jambo moja." Akaigonga fremu kwa kidole. "Nimepiga kura kwa hii. Wakati ule ukiwa nayo unapiga. Msimamizi wa uchaguzi alinipa sigara na kuniita mheshimiwa. Baadaye, mwaka wa tisini na sita, wakabana sheria, wageni wasipige tena. Lakini mimi nilikuwa nimeshaingia ndani."

"Na ukaendelea kupiga."

"Kila mwaka. Kwani sikuwa ndani?"

Saimi alimrudishia fremu. Nje magogo ya kampuni yalipita, marundo kwa marundo. Alimimina kahawa, akampa mzee kwanza.

* * *

Mahakamani, kwenye ukumbi wa kusubiri, palikuwa na wanaume kama sitini wakinuka sabuni na kafuri. Saimi alimvuta mumewe hadi nyuma ya mlango. Viljami alifuata bila kuitwa.

"Mzee si raia," alisema.

Nestori alimtazama kama hajamsikia.

"Ana karatasi ya kwanza. Basi. Amekaa nayo miaka ishirini na sita akidhani ndiyo yote. Mwenyewe hajui."

Viljami aliitoa sigara sikioni, akaitazama, akairudisha. "Naweza kuleta Mfini mwenye karatasi ya pili sasa hivi, dakika kumi. Fundi viatu wa hapo kona."

"Wanaitwa waliotia sahihi Machi," Saimi alisema.

"Umeuliza?"

Saimi alikwenda kuuliza. Karani alikuwa nyuma ya dirisha dogo, analamba kidole na kufunua kurasa.

"Samahani, bwana. Shahidi akipata udhuru, anaweza kubadilishwa leo?"

"Wewe ndiye mwombaji?"

"Mke wake."

"Mwombaji yuko wapi?"

"Yuko pale. Kiingereza chake ni kidogo."

"Basi ajifunze, si anataka uraia?" Karani alinyanyua macho. "Shahidi gani? Ana tatizo gani?"

Kalamu yake ilikuwa imesimama hewani. Saimi aliiona ile kalamu kuliko alivyouona uso wa mtu. Akisema, ombi la mumewe linafia pale dirishani, na mzee anakuwa mtu aliyeapa uongo mbele ya mahakama. Kuna watu waliokwisha kufungwa kwa hilo.

"Hana tatizo," alisema.

"Basi kaa chini, mama."

Nestori alikuwa ameegemea ukuta. "Tukiondoka?"

"Tukiondoka ni Desemba. Mahakama haisikilizi tena maombi ya uraia mpaka Desemba."

"Tukibaki?"

"Labda hawataiomba karatasi."

"Mwambie mzee aifiche."

Wote watatu walimtazama Taavetti pale benchini, mgongo wima, fremu imesimama magotini, kitambaa kimekunjwa vizuri. Alikuwa anamwonyesha kijana wa Kislovenia yule tai.

Hakuna aliyekwenda.

* * *

Nestori alijibu yote. Nani hutunga sheria, nani hushika nafasi rais akifa, kama yeye ni mpinga serikali zote, kama ana wake wengi. Mkalimani alikuwa Mswidi aliyeongea Kifini kama anatafuna kokoto, lakini hakuhitajika sana. Mkaguzi wa serikali, kijana mwembamba mwenye miwani, alimuuliza Viljami kuhusu ukumbi na bendera nyekundu, Viljami akasema anauza unga na misumari. Karatasi yake ya pili ilitazamwa, ikarudishwa. Saimi, kwenye benchi la nyuma, alikuwa amekunja vidole gumba ndani ya ngumi kama mtoto.

"Taavetti Ylitalo. Wewe ni raia wa nchi hii?"

"Ndiyo."

"Uliupataje uraia?"

Swali lile lingeweza kujibiwa kwa maneno mawili, na pengine kijana yule angeridhika. Mzee alikuwa amelisubiri tangu alfajiri. Alikifungua kitambaa, akaibeba fremu kwa mikono miwili, akaiweka mezani mbele ya mkaguzi, akarudi nyuma hatua moja na kusimama.

Mkaguzi alisoma. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akampelekea jaji. Jaji alikuwa mtu wa makamo, mwenye mafua. Hakuwa mkali. Yafaa lisemwe hilo, maana watu hupenda kudhani mambo haya hufanywa na wakali.

"Mzee, karatasi hii inasema unakusudia kuwa raia."

Mswidi alitafsiri.

"Ndiyo," Taavetti alisema. "Nilikusudia. Nikawa."

"Hukuwa. Ulitakiwa urudi mahakamani baada ya miaka michache, uombe, uape. Hukurudi?"

"Nirudi kufanya nini? Nilikuwa nimeshasema."

Mtu alicheka upande wa madirisha. Jaji alipenga kamasi. "Kwa mujibu wa sheria, wewe bado ni raia wa Mfalme wa Urusi, anayeitawala Ufini."

Mswidi alisita kabla ya kutafsiri hilo. Alipotafsiri, mzee aligeuka nyuma kuwatafuta watu wake, na macho yake yakamkuta Saimi. Yeye aliyekuwa ameyaelewa maneno kabla hayajatafsiriwa, aliyekuwa ameyaelewa tangu treni, alishindwa kumwangalia.

"Nimelipa kodi," Taavetti alisema. "Nimetunza hazina ya kijiji miaka kumi na minne. Haijapungua hata senti."

"Hakuna anayesema umeiba, mzee."

Mkaguzi alisimama. Alisema ombi lililothibitishwa na mgeni si ombi. Lilikuwa limekufa tangu Machi, ni kama halikuwahi kuandikwa. Jaji alikubali. Alisema mwombaji anaruhusiwa kuleta ombi jipya, akae siku tisini kama sheria inavyotaka, lisikilizwe Desemba.

"Shamba langu ni Septemba," Nestori alisema kwa Kiingereza. Hilo hakufundishwa, alilitoa mwenyewe.

"Ardhi si kazi ya mahakama hii. Kuna ofisi ya ardhi."

Majira ya kuchipua ofisi ya ardhi ilikuwa imemwambia Nestori kwamba uraia si kazi ya ofisi ile, kuna mahakama.

Saimi alijikuta amesimama. "Mheshimiwa jaji, huyu mzee hakujua. Mume wangu hakujua. Karani hakuuliza karatasi mwezi Machi, angeuliza tungejua, na..."

Askari wa mahakama alimgusa bega, akamwonyesha benchi. Jaji alikuwa ameshageukia faili lingine. "Anayefuata."

Mkaguzi aliitoa karatasi nyuma ya fremu, akaiweka kwenye jalada lake, maana ni ushahidi. Fremu na kioo akamrudishia mwenyewe. Hakumshtaki; alisema, akicheka, kwamba gereza la wilaya halina nafasi ya mashemasi. Dola nne za ada hazikurudishwa. Ombi halikuwahi kuandikwa, lakini ada ililipwa.

* * *

Kwenye treni ya kurudi Viljami alijaribu mzaha mmoja, ukafia njiani. Taavetti alikaa na fremu magotini. Ndani ya kioo, palipokuwa na tai, yalionekana magoti yake mwenyewe na suruali ya kanisani.

Walipokaribia stesheni yao ndipo aliposema. "Mngeniuliza."

Nestori aliangalia nje.

"Mlikuwa mkija kwangu kila Jumapili. Huyu mwanamke anasoma Kiingereza kama maji. Mngeniuliza tu: mzee, tuione karatasi yako."

"Tungekuulizaje, mzee?" Saimi alisema.

Taavetti alilifikiria swali hilo kwa muda mrefu, kama alivyofikiria mashauri ya mipaka. Waliposhuka alikataa gari, akasema atatembea. Ni maili nne. Walimpa nafasi atangulie, ili wasimpite.

Daftari la mahakama liko wazi kwa kila mtu, na bwana Corliss, wakala wa wanunuzi wa mbao, alijua kusoma. Tarehe nne Septemba, ofisi ya ardhi ilipofungua milango, yeye alikuwa wa kwanza mlangoni kuupinga umiliki wa Kallunki. Shauri lilisikilizwa Oktoba, kwa muda usiotosha kuchemsha maziwa. Nyumba ni mali ya ardhi, waliambiwa, na ghala, na sauna, na uzio. Corliss aliwaruhusu kuchukua majani ya ng'ombe yanayoenea kwenye gari moja. Alijiona mtu wa huruma, na pengine nyumbani kwake aliwasimulia hivyo.

Saimi alifagia nyumba kabla ya kuondoka. Nestori alimuuliza anamfagilia nani. Akasema hajui, akamalizia kufagia.

* * *

Ombi jipya waliliandikisha Juni hiyohiyo. Kwa kuwa hawakutaka kosa lingine, Saimi alikwenda kwa mhunzi, Mfini mwenzao, akasimama mlangoni na kumwambia, "Nionyeshe karatasi yako." Mhunzi aliweka nyundo chini. Akaileta. Saimi aliisoma mara tatu, mbele na nyuma, akasema asante. Mhunzi alikuja mahakamani Desemba akatoa ushahidi kama alivyoahidi, lakini hajamsalimu Saimi tangu siku ile, na Korpi yote inajua sababu.

Mara hii mambo yalikwenda haraka. Jaji alikuwa amepona mafua. Nestori aliinua mkono, akamkana Mfalme wa Urusi kwa jina na kwa milele, na baada ya dakika nne alikuwa raia. Saimi naye akawa raia, pale pale benchini, na hakuna aliyegeuka kumwambia.

Karani aliwaita dirishani kujaza cheti.

"Kazi?" Aliangalia fomu ya Juni. "Hapa umeandikwa mkulima."

"Kibarua," Nestori alisema.

Karani alikata neno, akaandika jingine kwa ule mwandiko wake mzuri.

"Makazi?"

Nestori alimgeukia mkewe.

"Korpi," Saimi alisema. "Kwa Taavetti Ylitalo." Hakusema ni ndani ya sauna yake, wao na watoto wao wawili, na ng'ombe nyuma ya ukuta, na Jumamosi wanatoa vitanda nje kwenye theluji ili wenye nyumba wapate kuoga.

"Taavetti nani?"

"Ylitalo," alirudia, kwa sauti zaidi.

Kwenye benchi la ukutani, kwenye foleni ya wanaoomba karatasi ya kwanza, kati ya vijana ambao hata ndevu hazijawakomaa, mzee mmoja alisikia jina lake. Alivua kofia, akasimama wima ndani ya koti lake la kanisani.

"Nipo," alisema.

"Kaa, mzee," karani alisema bila kunyanyua macho, akikausha wino. "Wewe bado hujaitwa."